Treni bila watu: kuangalia mizigo ikipita katika jangwa la theluji

Leo sitaongelea kitabu wala wimbo. Kuko aina moja ya video kwenye intaneti ambayo hapa kwetu karibu hakuna mtu anaiongelea, na ninaona inafaa tuihukumu kama tunavyohukumu kazi zingine za sanaa. Ni video za treni za mizigo. Mtu anasimamisha kamera katika jangwa la Wyoming, Utah ao Nevada, kule magharibi ya Marekani, wakati wa baridi kali. Chini theluji, katikati reli, nyuma milima. Treni inaingia upande mmoja wa picha, inapita, inaisha. Hakuna muziki, hakuna anayesema kitu. Dakika nne, dakika tano, mara zingine saa nzima, treni moja nyuma ya ingine.

Wengi wanaozitengeneza ni wapenzi wa reli tu, watu wa kazi zao zingine. Lakini kuko mtu mmoja aliyechukua jambo hilo na kulifikisha kwenye sinema ya kweli: James Benning, aliyezaliwa Milwaukee mwaka wa 1942, na filamu yake inayoitwa RR, ya mwaka wa 2007. Jina linatoka kwenye vibao vya Marekani: herufi hizo mbili zinawekwa pale barabara inapokatana na reli. Nitasema juu ya zote mbili pamoja, filamu ya bingwa na video za wapenzi, juu zina kanuni moja na zina upungufu mmoja.

Neno langu ni hili: picha hizi zinafundisha macho yetu kazi ambayo shule haikutufundisha vizuri, ile ya kukaa mbele ya kitu mpaka kijionyeshe. Lakini zinafundisha nusu tu. Nusu ingine ni kuuliza nani hayuko kwenye picha. Na swali hilo, mtu wa Kongo iko na sababu ya kuliuliza mbele ya wengine.

Treni ndiyo inapima wakati

Tuanze na kanuni, juu ndiyo nguvu ya hizi kazi. RR iko na treni 43, kwa muda unaokaribia saa mbili. Kila treni na picha yake. Kamera haitikisiki, haigeuki, haisogei. Picha inafunguka juu ya nchi ambayo bado haina kitu, treni inakuja, inapita, na wakati imekwisha kupita picha inaisha. Bref, mtengenezaji hachagui urefu wa picha. Treni ndiyo inauchagua. Treni fupi, picha fupi. Treni ya kilomita mbili inayopanda mlima polepole, utakaa pale mpaka wagoni ya mwisho.

Benning alitumia filamu ya milimita 16, na bobini ya kawaida ya filamu hiyo inachukua dakika 11 hivi, kisha imekwisha. Hauwezi kuacha kamera ikizunguka tu kama tunavyofanya na simu. Kila treni iligharimu bobini, na kungojea, na kusafiri. Baada ya RR alihamia kwenye kamera za dijitali. Unaweza kusema kwamba alikuwa anaaga mashine moja ya zamani kwa kuangalia mashine ingine ya zamani.

Mwenzangu mmoja wa chuoni nilimwonyesha sehemu ya hizi picha. Dakika ya kwanza alicheka. Dakika ya pili akasema: «Mais batu banaangalia bintu ya hivi kweli?» Dakika ya tatu akaanza kuhesabu wagoni, bila mtu kumwomba. Hivyo ndivyo inavyofanya. Kwanza unaona treni. Kisha, juu hakuna kitu kingine cha kufanya, unahesabu. Kisha unachoka kuhesabu, na hapo ndipo macho yanaanza kazi: unaona kwamba rangi za wagoni hazifanani, kwamba zingine zimeandikwa na vijana wa miji ya mbali sana, kwamba theluji inaruka chini ya magurudumu, kwamba kivuli cha treni kinafika kwenye kichaka fulani kila baada ya sekunde moja. Na treni ikiisha, ile nchi ya nyuma, ambayo mwanzoni ulisema haina kitu, unaiona kwa mara ya kwanza.

Sisi tuliosoma agronomia tunajua hiyo hali. Wakati wanakuingiza kwenye shimo la udongo kwa mara ya kwanza, unaona rangi ya kahawia tu, juu mpaka chini. Mwalimu anakuacha pale. Baada ya muda unaona mstari, kisha mstari mwingine, kisha unaona mizizi inapoishia na pale maji yalipokuwa yanasimama. Udongo haukubadilika, ni wewe uliyekaa. RR ni shimo la udongo la saa mbili. Kwa kizazi chetu, tunaoruka video baada ya sekunde tatu ili tusimalize mega, hiyo si kazi ndogo.

Jangwa ambalo liko jeupe

Sasa tuje kwenye theluji, juu iko inadanganya macho.

Wengi wetu tukisikia «jangwa» tunaona mchanga na jua. Lakini jangwa si joto. Jangwa ni ukosefu wa maji. Bonde Kubwa la Nevada na Utah ni jangwa la baridi. Mabonde yake mengi yanapata kati ya milimita 150 na 300 za maji kwa mwaka. Lubumbashi inapata kama 1,200. Na kwa sababu sehemu kubwa ya maji yao inaanguka wakati wa baridi, inaanguka kama theluji. Mito ya kule haifiki kwenye bahari hata moja: inashuka kutoka milimani, inaingia kwenye ziwa la chumvi ao inapotea kwenye udongo. Hata jangwa lingine, lile la Wyoming ambalo reli inalikata, liko na bonde ambalo maji yake hayaendi baharini upande wowote.

Kwa hiyo ile theluji unayoiona kwenye video si pambo la Krismasi. Ni akiba. Ni maji ya mwezi wa sita na wa saba yaliyowekwa mwezi wa kwanza. Theluji ya milimani ikiyeyuka polepole, mkulima wa bondeni anamwagilia. Ikiwa kidogo, ao ikiyeyuka haraka, mwaka wake umeharibika. Wyoming wameweka kando ya barabara na reli nyuzio ndefu za mbao, si kwa ng'ombe, ni kwa upepo: theluji inashikwa pale na kuanguka mbele ya kufika njiani. Kwenye video utaziona zimesimama peke yake katikati ya weupe, na mtu asiyejua atauliza shamba liko wapi.

Na vile vichaka vya rangi ya majivu vinavyotoka juu ya theluji? Ni Artemisia tridentata, wa ukoo mmoja na ile artemisia ambayo sisi tunaijua kwa chai ya malaria. Kimoja kinaweza kuishi miaka mingi sana. Kati ya vichaka hivyo, kandokando ya reli kabisa, kuko nyasi nyembamba ya kahawia ambayo kamera haiitambui: Bromus tectorum, nyasi ya kigeni kutoka Ulaya na Asia. Iliingia kule mwisho wa karne ya 19, pamoja na mbegu za ngano zisizosafishwa na mifugo iliyokula nchi kupita kiasi, na ilitembea kwa kufuata reli. Inaota wakati wa kipupwe, inakauka mapema, na ikikauka inashika moto. Kile kichaka cha artemisia kikiungua hakichipuki tena kutoka kwenye shina; nyasi inarudi mwaka unaofuata. Hivyo moto mmoja unaita moto mwingine.

Ninasema hayo yote juu ya nini? Juu hukumu ya kawaida juu ya hizi video ni kwamba zinaonyesha «uzuri wa nchi isiyoguswa». Hapana. Ile nchi imeguswa sana, na kitu kilichoigusa ndicho kinachopita mbele ya macho yako. Reli haipiti tu ndani ya mandhari, iliyatengeneza.

Mfano mkubwa ni Ziwa Kubwa la Chumvi, Utah. Mwaka wa 1904 kampuni ya reli ilimaliza njia iliyokata ziwa katikati, sehemu kubwa juu ya nguzo za mbao. Mwaka wa 1959 wakaweka tuta la mawe na udongo badala yake. Mito mikubwa inaingia upande wa kusini. Upande wa kaskazini, tuta lilizuia maji yasichanganyike vizuri, chumvi ikazidi, na maji yakawa na rangi ya waridi, juu vijidudu vinavyopenda chumvi ndivyo vinavyoishi pale. Ziwa moja, rangi mbili, na mpaka wake ni reli. Kisha mwaka wa 2022 ziwa lilishuka kufikia kiwango cha chini kuliko vyote vilivyowahi kupimwa. Katika maji yanayochukuliwa na watu kabla ya kufika ziwani, kilimo ndicho kinachochukua fungu kubwa, na zao lake kubwa ni alfalfa, majani ya kulishia ng'ombe. Video nyingi zinaonyesha treni ikipita juu ya ziwa lile kama ndege juu ya kioo. Nzuri kabisa. Lakini mwenye kuangalia hajui kwamba kioo kile kimepasuliwa na hiyohiyo treni.

Uzito, na sauti

Upande mmoja video za wapenzi zinashinda hata sinema: zinakufanya uhisi uzito. Wagoni moja ya makaa ya mawe kule Marekani, pamoja na mzigo wake, inafika kama tani 130. Treni moja inaweza kuwa na wagoni zaidi ya 100. Fanya hesabu mwenyewe. Makontena yanapangwa mawili mawili, moja juu ya lingine. Kuko pia wagoni zilizofungwa zinazotoka Green River, Wyoming, na unga mweupe wa magadi yanayochimbwa chini ya ardhi, ambao unatumika katika kutengeneza vioo na sabuni. Treni nyeupe ndani, jangwa jeupe nje, na wewe unaona rangi ya chuma tu.

Baridi inasaidia. Theluji mpya inameza sauti, kwa hiyo hausikii treni kutoka mbali kama unavyoisikia usiku wa joto. Kwanza reli inalia kidogo. Kisha vichwa vya treni vinafika na kifua chote kinatikisika. Kisha, kwa muda mrefu, mdundo tu wa vyuma. Halafu, katikati ya treni ao mwisho kabisa, unashtuka: kichwa kingine! Kinanguruma na kusukuma, lakini ndani hakuna mtu. Kinaongozwa kwa redio kutoka mbele.

Benning alitaka zaidi ya mdundo. Kwenye picha chache za RR aliweka sauti za kutoka mahali pengine: hotuba ya kuaga ya rais Eisenhower ya mwaka wa 1961, ile ya kuonya juu ya nguvu ya jeshi na viwanda vya silaha, tangazo la Coca-Cola, mchezo wa besiboli, Woody Guthrie anaimba, hata kikundi cha rap cha N.W.A. Hazifafanui kitu. Zinapita kama wagoni, na wewe ndiye unaunganisha. Lakini ukiziweka pamoja, maana iko wazi: hii mizigo yote ni chakula cha nchi moja yenye njaa kubwa sana, inayojiimbia kwamba iko na haki ya kula. Na treni ya mwisho ya filamu inapunguza mwendo katikati ya mitambo ya upepo, na inasimama. Baada ya treni 42 zilizopita, kusimama kwa moja ni kama mtu kuzima mziki kwenye sherehe. Kila mmoja anageuka.

Hapo ninampa Benning heshima yake yote. Hakuna neno alilosema, na ameshtaki.

Nani hayuko

Sasa upungufu. Hesabu watu kwenye hizi video. Kwenye saa nzima ya treni za Wyoming, unaweza usione mtu hata mmoja. Treni ya kilomita mbili ao tatu, mara nyingi iko na wafanyakazi wawili tu, wamefungiwa mbele nyuma ya kioo. Kwenye RR ni karibu vilevile: nchi, chuma, mwanga.

Mtu wa Ulaya ao Marekani anaona hiyo kama amani. Mimi ninaomba kila mmoja wetu ajipime: ukiona treni ya mizigo, macho yako yanaenda wapi kwanza? Yangu yanaenda juu ya wagoni. Yanatafuta watu. Hapa kwetu, treni ya mizigo iko na watu juu: mama na mifuko yake ya unga, mwanafunzi anayerudi nyumbani, muuzaji wa samaki, mtoto. Si kwa sababu wanapenda. Ni kwa sababu barabara imekufa na treni ya abiria haiji. Tarehe 10 Machi 2022, treni ya mizigo iliacha reli pale Buyofwe, katika Lualaba. Ilikuwa ya mizigo kwa karatasi tu: mamia ya watu walikuwa wamepanda, na zaidi ya 60 walikufa. Donc kwa jicho la Kongo, treni ya mizigo isiyo na mtu si picha ya kawaida. Ni picha ambayo kitu kimeondolewa.

Na kweli, kule jangwani kitu kiliondolewa. Reli ya kwanza ya kukata Marekani yote ilifungwa tarehe 10 Mei 1869, pale Promontory, Utah, karibu na lile ziwa la chumvi. Upande wa magharibi, sehemu kubwa sana ya wafanyakazi walikuwa Wachina, kati ya 10,000 na 20,000 kwa miaka yote ya kazi. Ndio waliotoboa mawe magumu ya milima ya Sierra Nevada, handaki la zaidi ya mita 500, siku zingine bila kufikisha sentimita 30. Wakati wa baridi ya 1866 na 1867 waliishi na kutembea ndani ya vichuguu walivyochimba chini ya theluji, na maporomoko ya theluji yalifunika baadhi yao. Mwezi wa sita 1867 waligoma: walitaka mshahara sawa na wazungu na masaa machache. Kampuni ikawakatia chakula mpaka mgomo ukaisha. Na nchi yenyewe waliyokuwa wanaipasua ilikuwa ya Washoshone na Wapaiute, ambao hakuna aliyewauliza.

Siku ya kufunga reli, mpiga picha Andrew J. Russell alipiga ile picha maarufu: vichwa viwili vya treni vinaangaliana, wanaume wanapeana mikono, chupa juu. Wachina karibu hawaonekani. Basi, video nzuri ya leo, ile ya theluji safi na treni bila mtu, ni mjukuu wa picha ile. Imerithi uzuri wake na imerithi pengo lake.

Mtu atanijibu: «Unadai picha kitu ambacho haikukuahidi. Benning anapiga treni, hapigi historia ya wafanyakazi.» Jibu hilo iko na nguvu, na ninalikubali nusu. Kweli, picha tupu inaweza kuwa mashtaka: ukosefu wa watu ndani ya RR unaweza kusomwa kama habari yenyewe, kwamba mashine imebaki na watu wameisha. Lakini usomaji huo unahitaji mtazamaji anayejua tayari. Asiyejua, picha tupu inamwambia jambo moja tu: kwamba hapa hapakuwa na mtu. Na hilo ni uongo ambao sisi tunaujua vizuri. Ni neno lilelile walilosema juu ya Katanga kabla ya kuleta reli Elisabethville mwaka wa 1910: nchi tupu, njooni mchukue.

Kuko njia ingine ya kupiga picha. Mwaka wa 2014, Corky Lee, mpiga picha Mmarekani mwenye asili ya Kichina, alikusanya wajukuu na vitukuu wa wale wafanyakazi pale Promontory na kuwapanga mbele ya vichwa vya treni, mahali palepale pa picha ya Russell. Na sisi hatuna haja ya kwenda mbali. Sammy Baloji, mwana wa Lubumbashi, aliyezaliwa mwaka wa 1978, katika kazi yake Mémoire alichukua picha za zamani za wafanyakazi wa wakati wa ukoloni, zile za rangi nyeusi na nyeupe, akazisimamisha ndani ya picha mpya za viwanda vilivyokufa vya Katanga. Mandhari ni matupu, na katikati watu wanakuangalia. Hauwezi kusema «nzuri» na kupita. Lazima ujibu macho yao.

Ukiniuliza kati ya Benning na Baloji nani mkubwa, nitasema hawafanyi kazi moja. Benning anakufundisha kukaa. Baloji anakuambia umekaa mbele ya nani. Kukaa bila kujua ni utalii. Kujua bila kukaa ni makelele, na makelele tuko nayo mingi hapa mitandaoni.

Kwetu sisi

Hatuna video kama hizi hapa kwetu, na sababu si ukosefu wa treni tu. Simamisha kamera kwenye miguu mitatu mbele ya reli ya Katanga, dakika tano hazitaisha mtu hajakuja kukuomba karatasi. Uhuru wa kusimama na kuangalia mizigo ikipita, bila kuulizwa unatafuta nini, ni sehemu ya kile kinachofanya video za Utah ziwe na amani vile. Mpenzi wa reli wa kule anaandika namba za vichwa vya treni kwenye daftari na anarudi nyumbani kunywa kahawa. Hapa kwetu, anayehesabu wagoni anaonekana kama mpelelezi. Na hiyo inatuambia kitu: mahali ambapo kuhesabu mizigo ni kosa, kuko mtu anayefaidika tusipohesabu.

Shaba na kobalti zinatoka Kolwezi, zinapita Dilolo, zinaenda Lobito kwenye bahari. Zingine zinaenda kusini kwa malori, foleni ndefu ya Kasumbalesa. Tunaziona kila siku na hatuziangalii. Tumesoma, tuko na licence, tuko na digrii za uchumi, za sheria, za udongo, na wengi wetu hatuwezi kusema wagoni moja inabeba tani ngapi, ama mzigo ule ukifika unakuwa nini. Kwa hiyo hukumu yangu ya mwisho ni ya kutuma, si ya kukataza. Angalieni hizi video. Tafuteni moja ya Wyoming ao Utah wakati wa theluji, muweke simu chini, musiguse kitu mpaka wagoni ya mwisho ipite. Muhesabu. Halafu mujiulize maswali matatu ambayo kamera haikuyauliza: ndani kuna nini, nani aliweka hii reli, na maji ya hii nchi yanaenda wapi.

Anayeweza kujibu hayo matatu juu ya treni ya Utah, ambayo hajawahi kuigusa, hatakuwa na kisingizio tena mbele ya treni inayopita nyuma ya mtaa wake.